Kuondolewa stenti ya figo bila kupasuliwa

Mgonjwa aliyetolewa jiwe la figo mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na kitu ndani ya mwili ambacho hakioni: stenti, yaani mrija mwembamba wa plastiki laini, wenye urefu wa sentimita 22 hadi 30 hivi, uliojipinda ncha zote mbili ili moja ishike ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu. Wengi huichanganya na mpira wa mkojo, na mpira ukishatolewa wodini hudhani kwamba yote yamekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa, uliza waziwazi kama umewekewa stenti, na uhakikishe kadi yako imeandikwa tarehe ya kuitoa, ambayo kwa kawaida haivuki miezi 3.

Siku chache kabla ya miadi, peleka mkojo upimwe, kwa sababu kupitisha kifaa kwenye njia yenye maambukizi kunaweza kuingiza bakteria katika damu. Mweleze daktari iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Siku yenyewe utalala chali, utasafishwa, kisha jeli ya ganzi itaingizwa kwenye njia ya mkojo na kuachwa kwa dakika kadhaa. Asiwepo wa kuharakisha hatua hii, hasa kwa mwanamume, ambaye njia yake ni ndefu. Daktari atapitisha sistoskopu, kifaa chembamba chenye taa na kamera, hadi kibofuni, ataibana ncha ya stenti kwa koleo dogo na kuivuta taratibu. Kazi hii huchukua dakika chache na haiachi mshono. Pumua polepole na ujilegeze kama unayekojoa, kwani kukaza misuli huongeza maumivu. Omba uonyeshwe stenti ikiwa nzima, na ncha zake mbili.

Stenti iliyosahaulika ni habari nyingine kabisa. Chumvi za mkojo huiganda hadi ikawa ngumu kama jiwe, na ikivutwa kwa nguvu inaweza kukatika au kujeruhi njia inayoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Ikikataa, isilazimishwe: eksirei itaonyesha ilipogandia, na huenda ukahitaji nusukaputi ili magamba hayo yavunjwe kwa leza.

Baadaye kunywa maji ya kutosha. Mkojo kuchoma au kuwa na wekundu kidogo kwa siku moja au mbili si ajabu, ila rudi hospitalini mara moja ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mabonge ya damu, maumivu makali ya ubavu yasiyopoa, au mkojo ukigoma kutoka.