Unataka tela ya gusineki? Anza na hesabu, rangi utaangalia baadaye

Wabongo, Wakenya na Wakongo wengi huku Texas wameingia kwenye hotishoti, yaani kubeba mashine na vifaa kwa pikapu ya dizeli na tela ya gusineki, ile ambayo shingo yake inapita juu ya bodi ya pikapu na kukalia mpira uliofungwa katikati ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma. Mtu akitaka kununua swali la kwanza ni futi ngapi, la pili bei gani. Mi naona hayo yasubiri kwanza. Uzito ndio unaoamua leseni yako, pikapu yako, kodi utakayolipa na kazi utakazobeba, ukikosea hapo hata tela iwake taa kama daladala ya Mbagala haitakusaidia kitu.

Nenda kwenye kibati cha mtengenezaji, kiko mbele upande wa kushoto, tafuta GVWR. Huo ndio uzito wa mwisho, tela na mzigo wake pamoja. Utakuta nyingi zimeandikwa 25,900 na wala si bahati mbaya, tela mpya ikizidi paundi 26,000 serikali kuu inatoza kodi ya 12% inapouzwa, kwa hiyo tela ya dola 25,000 ingekuongezea 3,000 hivi hivi. Kwa hiyo ukienda kaskazini mashariki ya Texas wanakotengeneza Big Tex na Diamond C (Mount Pleasant) na PJ (Paris, ya Texas hii hii), usishangae kuona hiyo namba inajirudia.

Sasa leseni. Pikapu ya matairi sita kama Ram 3500 au F-350 mara nyingi ina GVWR ya 14,000, jumlisha 25,900 unapata 39,900, na sheria inasema vyote viwili vikifika 26,001 na tela yenyewe ikiwa zaidi ya 10,000 lazima uwe na CDL (leseni ya udereva wa magari ya biashara) daraja A. Hapo ndipo watu wanapotafuta njia ya mkato, wananunua tela ya futi 40 ambayo mtengenezaji ameiandika GVWR ndogo kwenye kibati ili waendeshe bila CDL. Inawezekana na ni halali ukipiga hesabu vizuri, ila tela yenyewe tupu inakula paundi 8,000 na zaidi, unabaki na nafasi ndogo ya mzigo halafu unagombania lodi zile zile na kila mtu asiye na CDL. Ushauri wangu, chukua CDL kwanza. Tangu Februari 2022 lazima upite shule iliyosajiliwa kabla ya mtihani, so tenga muda na hela. Na usidanganyike kwamba bila CDL hakuna sheria, ukishavuka 10,000 kwa biashara ya kutoka jimbo hadi jimbo unahitaji namba ya DOT (wizara ya uchukuzi ya serikali kuu), kadi ya afya na kufuata masaa ya kuendesha kama dereva wa semi, na ukibeba mzigo wa watu kwa malipo unahitaji kibali cha FMCSA, idara ya wizara hiyo inayosimamia malori, na bima isiyopungua dola 750,000, japo mabroka (madalali wa mizigo) wengi hawakupi lodi bila milioni moja na bima ya mzigo ya laki moja juu.

Hesabu nyingine ambayo wengi wanairuka ni uzito unaokaa kwenye mpira. Gusineki inaweka kama 20 hadi 25% ya uzito wake kwenye pikapu. Chukua tela ya 25,900 yenye ekseli mbili za 10,000 kila moja: ekseli zinabeba 20,000 tu, ile 5,900 inayobaki lazima ikae kwenye pikapu, haina pengine pa kwenda. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha payload, yaani uzito ambao pikapu yenyewe inaruhusiwa kubeba, toa uzito wako, wa abiria, wa boksi la vifaa na tenki la ziada la dizeli kama unalo, halafu uone kama 5,900 inaingia. Pikapu nyingi za matairi manne hapo zinagoma. Dila atakwambia "inavuta hiyo bila shida", na kuvuta itavuta kweli, tatizo liko kwenye kubeba na kusimama.

Mpya au used? Nimeona watu wamepata tela nzuri sana za mkononi na nimeona watu wamenunua majanga. Ukienda kuangalia used usisimame pembeni ukipiga picha, lala chini. Anza pale shingo inapoungana na mihimili mikubwa, washa tochi ya simu uangalie welding zote, ufa mwembamba mara nyingi unaonekana kama mstari wa kutu uliopenya kwenye rangi, na sehemu iliyopakwa rangi mpya peke yake jiulize inaficha nini. Nenda kwenye springi na vile vishikio vyake, vikiwa vimepinda au matundu yamekuwa ya yai basi tela imezidishiwa mzigo sana. Hubu za ekseli kubwa nyingi zinatumia oili, kifuniko ni cha plastiki unaona ndani, oili ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia na beringi zinaondoka. Matairi yana namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021, tairi la zamani hata kashata zikiwa ndefu we lihesabu halipo na upunguze bei, na yako manane hayo, so si hela ndogo.

Makaratasi: Texas nenda na muuzaji mpaka ofisi ya kodi ya kaunti mjaze fomu 130-U mbele ya karani, namba ya VIN (namba ya chasi) kwenye titoo, ile hati ya umiliki, ifanane na ya kwenye kibati na iliyogongwa kwenye chuma. Mtu akikwambia titoo atakutumia kwa posta baadaye, rudi nyumbani.

Kama unanunua mpya na una hela ya ziada kidogo, usiimalizie kwenye boksi za kromu. Weka kwenye breki za diski za hidroliki zinazosukumwa kwa umeme kama kazi yako ni mashine nzito, tofauti na zile za dramu za umeme utaisikia siku ya mvua pale Dallas mtu akikukatia mbele. Halafu matairi ya plai 14, ila hakikisha rimu zinakubali psi 110 maana zile za plai 10 zinaishia 80. Rampu pana zinazokunjika na kulala ziwe deki zinalipa, siku moja unabeba eskaveta ndogo kesho unabeba mabomba marefu.

Kufunga tela ni dakika kumi ukiwa na utaratibu. Shusha mlango wa nyuma wa pikapu kwanza (milango mingi imekufa hivyo), rudi nyuma taratibu, teremsha kapla kwenye mpira wa inchi 2 5/16, funga loki, halafu panda jeki kidogo tu: bodi ya pikapu ikinyanyuka pamoja na shingo, basi imeshika, isiponyanyuka haijashika, shusha uanze upya. Cheni za usalama, plagi ya taa, na kile kiwaya cha breki ya dharura kifunge kwenye pikapu yenyewe wala si kwenye cheni, kwa sababu kazi yake ni kuvutika tela ikichomoka. Betri yake iwe na chaji, sheria inataka breki hizo zishike angalau dakika 15, na polisi wa DOT wanaipima wakiamua. Kabla ya kutoka tembea polepole ushike lever ya breki ya tela kwa mkono, usikie inakuvuta nyuma.

Kupakia ndio kwenye kazi yenyewe. Chukua skid-steer (kile kipakiaji kidogo chenye bakuli mbele) ya minyororo ya paundi 12,000, ya kawaida sana huku. Pikapu iwe imefungwa kwenye tela, handibreki juu, miguu ya nyuma ya tela imegusa chini, la sivyo mashine ikikanyaga rampu inainua mkia wa pikapu. Upande mzito utangulie kupanda, kwa hiyo bakuli likiwa tupu unapanda kinyumenyume. Isogeze mpaka sehemu kubwa ya uzito iwe mbele ya ekseli, shuka uangalie pikapu imekaa vipi, ikiwa pua imeinuka rudisha nyuma kidogo, ikiwa shingo haijashuka hata kidogo sogeza mbele, tela yenye mkia mzito inacheza barabarani na hapo hakuna udereva utakaokuokoa. Shusha bakuli likae kwenye mbao. Mashine yoyote ya 10,000 na zaidi inataka cheni nne, moja kila kona, na bakuli au mkono wa mbele ushushwe na ufungwe nao. Cheni ya 3/8 greidi 70 ina uwezo wa 6,600, ikitoka kwenye tela kwenda kwenye mashine inahesabiwa nusu, so nne zinakupa 13,200 na we unahitaji nusu ya uzito wa mzigo yaani 6,000, uko salama. Lakini cheni isiyosomeka greidi mkaguzi anaihesabu kuwa ya 30, ile dhaifu, basi usinunue cheni za bei chee zisizo na alama. Na bainda, vile vikazio vya cheni, tumia za racheti, zile za lever zikifyatuka zinavunja taya.

Barabarani sheria inakutaka ukague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, halafu kila maili 150 au saa tatu. Ukisimama pitisha mkono karibu na kila hubu usikie joto, moja ikiwaka kuliko wenzake tafuta fundi kabla haijakuachia tairi kwenye barabara kuu ya I-20. Matairi ya ndani yapime kwa geji, usigonge tu kwa nyundo ukaridhika. Tela mpya nati za matairi zikazwe upya baada ya maili 10, 25 na 50, breki za umeme zirekebishwe baada ya 200 halafu kila 3,000. Kona gusineki inakata ndani kuliko tela inayofungwa nyuma kwenye bampa, kwa hiyo pitiliza kidogo kabla ya kugeuza usukani. Na mara ya kwanza ukiwa na mzigo mzima pita mizani ya CAT kwenye kituo cha Pilot au Love's, karatasi inakutengea uzito wa mbele, wa nyuma wa pikapu na wa tela, hapo utajua kama hesabu zako za nyumbani zilikuwa sawa.

Wale mnaoniuliza kuhusu kupeleka tela hizi Dar au Mombasa, breki na taa zake ni za volti 12 na malori makubwa ya nyumbani yanatumia 24 na upepo, na pikapu zenye mpira kwenye bodi ni za kutafuta. Bora upeleke mashine, tela uache huku.

Mwisho, wizi. Gusineki inaibiwa kirahisi maana mwenye pikapu na mpira anaondoka nayo ndani ya dakika chache. Nunua kufuli la kapla la chuma kizito, egesha shingo ikitazama ukuta au tela nyingine, ficha kifaa cha GPS chini ya deki na si kwenye boksi la mbele, na piga picha ya kibati cha VIN uitunze kwenye simu, polisi na bima wote wataanza kwa kuiulizia hiyo.