Kumchagulia Viatu Mzee Mwenye Kisukari

Mzee aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kushinda na kiatu kinachombana, na akiulizwa akajibu kwa dhati kwamba kiko sawa. Hadanganyi: sukari inayokaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu, na ganzi ikishaingia, maumivu ambayo yangemfanya mtu mwingine akivue hayamfikii. Kwa hiyo jibu la "hakinibani" lisikutoshe, amini kipimo.

Anza na ganzi yenyewe. Mwombe afumbe macho, kisha uguse kwa wepesi, kwa sekunde 1 au 2 bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho katika kila mguu, naye aseme kila anapohisi. Asipohisi mara 2 au zaidi kati ya hizo 6, apelekwe kliniki ya kisukari kabla ya kwenda dukani. Mwenye kidonda, aliyekatwa kidole au ambaye umbo la mguu wake limebadilika asinunuliwe kiatu cha kawaida kabla ya kuonwa na wataalamu, kwani huenda akahitaji cha kutengenezewa na mafundi wa viungo tiba, taaluma inayofundishwa katika chuo cha TATCOT, kilicho katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Mpime jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kwa shughuli za mchana, naye akiwa amesimama. Chora ukingo wa kila mguu kwenye karatasi ngumu huku penseli ikiwa wima, ukate, halafu uingize karatasi ya mguu ulio mkubwa ndani ya kiatu. Ikikunjamana pembeni, kiatu hicho ni chembamba, na bei nafuu isikushawishi. Kwa urefu, iache nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kiatu kipana kupita kiasi nacho hakifai, kwa sababu mguu huteleza ndani yake na kutoka malengelenge.

Pitisha mkono ndani ukitafuta mshono unaojitokeza kwenye vidole. Soli iwe nene, kisigino kiwe kifupi, na kiatu kifungwe kwa kamba au kwa velkro (mkanda wa kunata), ambayo ni rahisi kwa mikono inayotetemeka. Viatu vya mtumba vinahitaji tahadhari zaidi, maana soli ya ndani huwa imekwisha kubonyea kwa kufuata mguu wa mtu mwingine.

Kandambili ndizo ngumu kuziondoa, kwa kuwa wazee wamezizoea, lakini soli yake hupenywa na msumari kwa urahisi na mkanda wake husugua katikati ya vidole. Mtafutie sandali pana yenye mkanda wa nyuma, ambayo ataivaa hata ndani ya nyumba. Anayeswali msikitini asivue mapema na kukanyaga sakafu ya ua iliyochomwa na jua la adhuhuri.

Kiatu kipya kivaliwe muda mfupi siku ya kwanza, kisha miguu ikaguliwe hadi kwenye nyayo. Wekundu usiotoweka haraka, au sugu inayorudi mahali palepale, huonyesha kwamba hapo panaelemewa. Mpeleke kliniki, na sugu hiyo isikatwe nyumbani kwa wembe.