Kabla Hujafunga Akaunti kwa Ufunguo wa Usalama

Msimu wa korosho unakaribia, na sisi tunaoshika hesabu za vyama vya msingi huku Masasi kazi yetu yote imo kwenye barua pepe: taarifa za mnada, orodha za wakulima, namba zao za benki. Mwizi akiingia humo amefika ghalani. Ndiyo maana nawasihi wenzangu mtumie ufunguo wa usalama, kile kidude mfano wa flashi unachokichomeka kwenye kompyuta, au kukigusisha nyuma ya simu yenye NFC (uwezo wa kuwasiliana kwa kugusana bila waya), baada ya kuandika nenosiri. Namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa meseji ataipata aliyefanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, au utamtajia mwenyewe ukidhani unaongea na mtu wa benki. Ufunguo hauna namba ya kutajiana. Tena unaijibu tovuti uliyousajilia tu. Ukurasa wa uongo, hata ufanane vipi, hauambulii kitu.

Ila nunua funguo mbili, usianze na mmoja. Mwaka jana wangu ulidondoka nikiwa kwenye bodaboda kutoka Ndanda, jioni ya kuamkia mnada. Wa pili ulikuwa nyumbani, kwenye bahasha ya vyeti vya watoto. Nikaingia nao, nikaufuta ule uliopotea kwenye akaunti, nikalala. Bila huo ningekuwa nasubiri mzigo wa basi kutoka Dar. Ufunguo huu hauchongwi nakala kwa fundi, kwa hiyo sajili zote mbili siku moja kwenye kila akaunti, kisha chapa kwenye karatasi zile namba mbadala za kuingilia ambazo akaunti inakupa. Usizipige picha zikakaa kwenye simu ileile.

Angalia na matundu kabla ya kulipa. Kompyuta za zamani za ofisini zina USB ile pana, simu mpya zina USB-C.

PIN ya ufunguo iwe unayoikumbuka kweli. Ukiikosea mara 8 mfululizo inajifunga, na kuuanzisha upya ni kufuta kila ulichousajilia.

Wapo wanaoogopa kile kitendo cha kuugusa taa inapomweka, hasa mama zetu wabanguaji ambao mafuta ya maganda yamewababua vidole hadi mashine za alama za vidole zinawakataa. Wasihofu. Funguo nyingi hazisomi alama; zinataka kujua tu kwamba kuna mtu amezigusa.

Akaunti za Google, Microsoft na Facebook zinaukubali. Benki yako iulize kwanza. Ukishamaliza, ondoa meseji kwenye njia za kuingilia, la sivyo mwizi atapita hapohapo. Halafu toka kwenye akaunti, uingie tena kwa ufunguo wa kwanza, utoke, uingie kwa wa pili, ndipo uurudishe kwenye bahasha.