Bomba la sola: chaji mchana, pulizia asubuhi na jioni

Mkulima akienda kununua bomba la kupulizia dawa linalotumia sola, macho yake hutua kwanza kwenye paneli. Huuliza ukubwa wake, huigeuza, huielekeza juani aone taa ikiwaka. Betri haiulizii kitu. Mimi ningeanza na betri, na sababu iko kwenye saa za kazi.

Dawa hupuliziwa asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likishapoa. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana matone madogo hukauka yakiwa bado hewani, upepo umeshaamka, na baadhi ya dawa huunguza majani. Mpuliziaji naye huzidiwa na joto ndani ya ovaroli, akavua barakoa katikati ya kazi. Sasa hizo ndizo saa ambazo paneli inazalisha umeme mwingi kuliko zote! Kwa hiyo jua linaloendesha bomba lako jioni ni lile lililowekwa kwenye betri mchana. Betri ikiwa mbovu, ukubwa wa paneli haukusaidii kitu.

Ndiyo maana siyapendekezi sana mabomba ambayo paneli imefungwa juu ya kichwa cha mpuliziaji. Kivuli unapata, ni kweli. Lakini bomba la lita 16 likijaa linapita kilo 20 mgongoni, na juu yake unaongeza paneli inayodakwa na upepo na kulowa dawa. Iache pembeni, mahali pasipofikiwa na dawa, ikitazama jua. Angalia pia kivuli: seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo tawi moja likifunika pembe ndogo tu, umeme wa paneli nzima unaweza kushuka sana.

Tufanye hesabu kidogo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 8 inabeba wati-saa 96. Pampu ikila ampea 2, kwenye karatasi utafanya kazi saa nne. Usizitumie zote. Betri ya asidi inayokamuliwa hadi mwisho kila mara hufa mapema, kwa hiyo ishia nusu, yaani saa mbili. Kuirudisha ile nusu kwa paneli ya wati 20 kunataka kama saa nne za jua kali, kwa sababu joto na vumbi hupunguza nguvu ya paneli na umeme mwingine hupotea njiani. Betri ya lithiamu ni nyepesi na huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu, ila inataka chaja yake yenyewe. Usiiazimie ya betri ya asidi.

Na kamwe usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 17 au 18 ikiwa kazini. Kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati yake na betri, ndicho kinachoizuia isiipike betri.

Jambo linalowakosesha wengi dawa, na mavuno, ni kutopima upya. Mkulima aliyezoea kupampu kwa mkono ana mwendo wake na vipimo vyake. Akihamia kwenye bomba la umeme, mgandamizo haushuki na kupanda kama mwanzo, unatoka sawasawa muda wote, na yeye mwenyewe anatembea haraka zaidi kwa kuwa mkono haumuumi. Kipimo cha zamani hakifai tena. Weka maji matupu kwenye bomba, pima eneo la mita 10 kwa 10, kisha lipulizie kwa mwendo wako wa kawaida. Angalia umetumia lita ngapi, uzidishe kwa 100. Ukitumia lita 3, hiyo ni lita 300 kwa hekta. Kama lebo inasema lita 1 ya dawa kwa hekta, basi bomba la lita 16 linataka mililita 53. Kwa ekari moja utajaza bomba mara saba na nusu hivi. Usikisie kwa kifuniko cha chupa.

Kuna badiliko jingine lisiloonekana. Kwenye mabomba mengi ya mkono, ule mpini ukipanda na kushuka huwa unakoroga dawa ndani ya tangi. Bomba la umeme mara nyingi halina kikorogeo. Dawa ya unga ikiachwa humo huzama chini: mistari ya kwanza inapata dawa kali, ya mwisho inapata karibu maji matupu. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ndogo hadi iwe uji mwepesi, ndipo uimimine kwenye tangi lenye maji nusu, ujazie. Kisha kila baada ya mistari michache simama, ulitikise bomba.

Fungua chujio lililo ndani ya mpini wa kupulizia baada ya kazi ya siku moja tu, utaona mwenyewe: utelezi wa rangi ya udongo, chembe za mchanga, na donge la unga lililogoma kuyeyuka. Uchafu huo ukipita, unafika kwenye nozeli, ile ncha yenye tundu la kutolea dawa. Nozeli iliyoziba isafishwe kwa mswaki laini na maji, wala si kwa waya, na usiipulize kwa mdomo. Dawa ipo pale. Mara kwa mara kinga maji yake kwenye jagi kwa dakika moja. Ikitoa zaidi ya nozeli mpya kwa asilimia 10, tundu limeshapanuka, inunuliwe nyingine. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bomba, nacho ndicho kinachoamua dawa inatua wapi.

Glavu, gambuti, barakoa na miwani vinabaki palepale. Umeme haukupunguza sumu. Dawa ya magugu iwe na bomba lake.

Ukimaliza, suuza tangi mara tatu, na kila mara washa pampu maji safi yapite kwenye mpira hadi kwenye nozeli. Maji hayo yapulizie kwenye zao lilelile, yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Usiiache pampu ikizunguka kavu. Msimu ukiisha, ijaze betri ya asidi kabla ya kuliweka bomba, kisha ichaji tena kila mwezi hata kama hupulizii. Ikiwa imetulia baada ya chaji, mita isome karibu volti 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki na kama nusu, ichaji siku hiyohiyo: inayowekwa juani ni paneli yake, si betri yenyewe.