Salfa kwenye mbolea ya SA (amoniamu salfeti): usipime mashapo mabichi
Wale wa praktiko ya kemia huku Mbeya, ukishayeyusha SA gramu 0.50 ukatia asidi ya haidrokloriki kidogo na bariamu kloraidi ya kutosha, yale mashapo meupe ni bariamu salfeti sio salfa tupu, so ukipata gramu 0.85 zidisha kwanza kwa 32.06 (uzito wa atomi ya salfa) gawanya kwa 233.4 (uzito wa bariamu salfeti nzima), inakuja kama gramu 0.117 za salfa, hiyo ndo unagawanya kwa 0.50 mara 100, asilimia 23 na ushee. Ila baridi hii ya Juni mashapo hayakauki haraka bana, mi nilipima yakiwa na unyevu nikapata asilimia 30, mbolea gani hiyo! Kausha, pima, kausha tena mpaka mizani isome ileile.