Kuanzisha nembo ya mazingira ya taifa: vigezo kwanza, mchoro baadaye

Kishawishi cha kwanza kwa anayeanzisha nembo ya mazingira, yaani alama ya bidhaa na huduma zinazodhuru mazingira kidogo kuliko wenzake, ni kuitisha shindano la kuichora. Acheni kwanza. Anzeni kwa kuamua nani ataamua, kwa kuwa hapo ndipo imani ya mnunuzi hupatikana au hupotea.

Mwongozo wa kimataifa ni ISO 14024, kiwango cha shirika la kimataifa la viwango: nembo ni ya hiari, hupima athari za bidhaa katika maisha yake yote, na huthibitishwa na asiye muuzaji wala mnunuzi. Ujerumani, iliyoanza mwaka 1978 na nembo yake ya Blauer Engel (Malaika wa Bluu), imegawanya madaraka. Nembo ni mali ya wizara ya mazingira, Umweltbundesamt, wakala wa mazingira wa serikali, huandaa vigezo, jopo huru huviidhinisha, na taasisi iitwayo RAL hupokea maombi na kufunga mikataba na makampuni. Anayekusanya ada haandiki vigezo.

Kisha chagueni makundi mawili au matatu tu ya bidhaa, yenye athari kubwa, wazalishaji wa ndani na tofauti ya kweli kati ya bidhaa bora na mbovu. Rangi za nyumba zinafaa. Kikomo cha madini ya risasi cha sehemu 90 kwa milioni, kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kikishakuwa sheria, nembo haina sifa ya kukirudia. Ishuke chini zaidi, au ibane viyeyushi vinavyopaa hewani rangi inapokauka.

Kila kigezo kiwe na vitu vitatu: namba, njia ya kupima na ushahidi utakaopokelewa. "Isiyochafua mazingira" si kigezo. Ili kupata namba, nunueni sampuli madukani, zipimeni, zipangeni kuanzia bora hadi mbaya. Nembo ya Umoja wa Ulaya hulenga asilimia 10 hadi 20 ya bidhaa bora sokoni. Mkilegeza, kila kopo litabeba nembo. Mkikaza mno, hakuna atakayeomba. Kunakili vigezo vya Ulaya vilivyo ni kosa la gharama: kama hakuna maabara ya karibu yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho, sampuli itapelekwa nje, na kiwanda kidogo kitajitoa.

Rasimu itolewe hadharani kwa siku zisizopungua 60, kama kanuni za WTO, Shirika la Biashara Duniani, kuhusu viwango zinavyotaka, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi, hata ya mshindani mwenye kinyongo.

Huduma zina ugumu wake, maana hoteli haiingii maabara. Pimeni lita za maji na uniti za umeme kwa mgeni kwa usiku mmoja, jambo lisilowezekana bila mita za jikoni, dobi na vyumbani. Ecotourism Kenya, shirika la utalii unaojali mazingira, hutumia ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na hivyo nyumba ndogo ya wageni ina pa kuanzia.

Ada ya maombi ilipwe hata ombi likikataliwa, la sivyo mtoa nembo atashawishika kupitisha kila mtu. Leseni iishe pamoja na vigezo vyake, tuseme baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katikati ya muda huo nunueni bidhaa rafuni bila taarifa, kwa sababu sampuli aliyoleta mwenye kiwanda ilichaguliwa vizuri. Mkataba utaje mapema adhabu ya anayekamatwa: siku ngapi za kurekebisha, lini leseni inasimamishwa, nani analipia kuondoa makopo madukani.