Vitabu alivyosoma baba, kwenye seva yangu

Mama haoni vizuri siku hizi. Baba alimwachia saa 40 za vitabu alivyomsomea mwenyewe, akijirekodi kwa simu alfajiri, jogoo wa jirani akisikika kwa nyuma. Ili visipotee nilikodi seva ndogo mtandaoni yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, nikaweka Audiobookshelf, programu huria isiyolipiwa. Hukumbuka msikilizaji ameishia wapi, hata akibadili simu.

Anza na faili. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stereo, kwa hiyo punguza kwa ffmpeg, programu ya kubadili faili za sauti:

ffmpeg -i 01.m4a -ac 1 -b:a 64k 01.mp3

Hapo saa 1 inakula kama MB 29. Zile 40 za baba hazikufika GB 1.2. Kila kitabu kikae kwenye folda yake, ndani ya folda ya mwandishi. Ukizimwaga zote pamoja, kila sura itahesabiwa kitabu.

Ukishaweka Docker, inayoendesha programu ndani ya boksi lake (kontena), andika kwa mstari mmoja:

docker run -d --name vitabu --restart unless-stopped -p 127.0.0.1:13378:80 -v /srv/vitabu:/audiobooks -v /srv/config:/config -v /srv/metadata:/metadata ghcr.io/advplyr/audiobookshelf

Hizo -v, zinazoweka data kwenye seva nje ya kontena, usiziguse. Mara ya kwanza niliiacha ya /config. Nilipofuta kontena ili niweke toleo jipya, akaunti zote zikaenda nalo. Mama alikuwa sura ya 11, katikati. Tulikaa karibu saa nzima tukipatafuta: "mbele kidogo… hapana, hapo nilishapita." Tangu siku hiyo nanakili /srv/config kwenye kompyuta ya nyumbani kila Jumapili.

Ile 127.0.0.1, inayofanya programu ifikiwe kutoka ndani ya seva tu, nayo ni ya lazima, kwa sababu Docker hufungua poti bila kujali ufw, ukuta wa usalama wa Ubuntu. Mlangoni weka Caddy, programu inayopokea wageni wa mtandaoni na kuwapeleka kwa Audiobookshelf. Elekeza domeni yako kwenye seva, kisha kwenye Caddyfile, faili ya mipangilio ya Caddy, andika:

vitabu.mfano.com {
    reverse_proxy localhost:13378
}

Cheti cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano yawe salama, Caddy itajitafutia yenyewe. Fungua ukurasa papo hapo, maana anayeingia wa kwanza ndiye anayeweka nywila ya root, akaunti kuu. Tengeneza maktaba inayosoma /audiobooks, na kila msikilizaji umpe akaunti yake.

Kwenye simu ya Android ya mama napakua kitabu kizima nikiwa na Wi-Fi, bando lake lisiguswe. Kitufe cha kurudi nyuma nimekiweka sekunde 30, maana jogoo akiwika mama hucheka, akataka asikie tena.